Kutu na Kelele: Gari Kuukuu katika Njia ya Misafara



Choma ni kata ya Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, katika nchi tambarare ya mbuga za Manonga na Wembere. Neno mbuga lenyewe linatosha kutusimamisha. Kwa msomaji wa magazeti ya leo, mbuga ni mahali pa wanyama na watalii. Kwa mkulima wa huku, mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua mpaka gurudumu likaona uzito kuzunguka. Udongo huo ndio ulioyapa heshima magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, na ndiyo sababu hata leo gari la Land Rover lenye umri wa babu haliachwi life kirahisi katika nchi hizi.

Gari hilo kuukuu lina maradhi mawili mashuhuri: kutu na kelele. Mwenye gari humwendea fundi akitaka kelele zipungue, apate kuzungumza na aliyeketi ubavuni mwake. Fundi humjibu kwamba kelele haizibwi kabla sakafu haijafunguliwa, na sakafu haifunguki kabla nati zilizoshikwa na kutu hazijalegezwa. Kazi, basi, ni moja yenye vitenzi vitatu: kufungua, kukwangua, kuziba. Anayeanza na kitenzi cha tatu huharibu vyote.

Dai langu katika makala haya ni kwamba mpangilio huo wa fundi ndio unaotufaa pia tunapoisoma historia ya njia kuu iliyopita Tabora. Historia hiyo nayo ina kutu yake, iliyojificha ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku, na wengi wetu tungependa kuitandikia zulia kwanza.

Tuanze na jina. Choma ni jina la wenyeji wenye lugha zao, Kinyamwezi na Kisukuma. Hata hivyo sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kukumbuka kitenzi chetu chenye makali mawili. Kuchoma ni kuunguza kwa moto. Kuchoma pia ni kudunga kwa ncha, kama mwiba unavyomchoma mtu mguuni. Kitenzi hicho kimerefushwa na mafundi kikawa kuchomelea, yaani kuunganisha vyuma kwa moto. Na ajabu yake ni kwamba bolti iliyogoma ina dawa mbili za mwisho, nazo zote zimo katika kitenzi hicho kimoja: moto wa kuipasha, na ncha ya keekee ya kuitoboa.

Kwa nini bolti za gari hili hugoma kuliko za magari mengine? Jibu limo katika historia yake. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, na waundaji wakalivika gari mwili wa alumini juu ya fremu ya chuma. Alumini haishiki kutu nyekundu, na watu wengi wakadhani tatizo limekwisha. Kumbe metali mbili zisizo za ukoo mmoja, zikigusana penye unyevu na chumvi, hulana. Alumini hugeuka unga mweupe, chuma hugeuka unga mwekundu, na unga huo hujaa katika nyuzi za bolti, ukavimba, ukakaza kuliko mkono wa yule aliyeifunga kiwandani. Sakafu, milango na mabawa ya gari hukutana na fremu kwa bolti za namna hiyo hiyo.

Juu ya hayo, magari ya awali yalifungwa kwa vipimo vya inchi, tena vya mifumo zaidi ya mmoja, ilhali spana nyingi zilizomo katika masanduku ya mafundi wetu leo ni za milimita, kama magari ya Kijapani yanavyotaka. Spana inayokaribia kutosha ni adui mkubwa kuliko kutu. Huivisha nati mviringo, pembe zake zikaisha, na baada ya hapo hakuna tena cha kushika. Somo la kwanza la fundi ni somo la mfasiri: usilazimishe kipimo cha lugha moja juu ya umbo la lugha nyingine kwa sababu tu vinakaribiana.

Sasa tumtazame anavyofanya kazi. Kwanza husugua kwa brashi ya waya mpaka nyuzi zionekane. Kisha hutia mafuta mepesi, ya dizeli au ya taa, akaacha yanywewe usiku kucha. Asubuhi hugonga kichwa cha bolti kwa nyundo, taratibu. Lengo lake ni kuitikisa kutu iachie, wala hakusudii kuumiza chuma. Halafu hufanya jambo linalomshangaza mgeni: badala ya kufungua, hukaza kidogo kwanza. Nati ikisogea hata unywele mmoja kuelekea huko isikotakiwa, kifungo cha kutu kimevunjika, na hapo huirudisha nyuma, huikaza tena, huirudisha tena, akitia mafuta kila mara.

Ikigoma, hapo ndipo moto hushika zamu. Lakini kabla ya moto, betri hutenganishwa, na tangi la mafuta, mabomba ya breki na kila kilichopakwa lami huwekwa mbali au huachwa salama kwa kuchagua njia nyingine. Fundi mwelewa huipasha nati iliyo nje, haipashi bolti iliyo ndani, kwa kuwa chuma chenye joto hutanuka, na nati ikitanuka humwachia mwenzake nafasi. Joto likiwa bado lipo, nta hugusishwa kwenye kiungo. Huyeyuka na kuvutwa ndani ya nyuzi, mahali ambapo mafuta baridi hayakufika. Nchi ya Tabora, yenye misitu ya miombo, asali mashuhuri na chuo cha ufugaji nyuki, haina haja ya kuiagiza nta hiyo kutoka mbali. Bolti ikikatika pamoja na yote hayo, husalia kuchomelea nati mpya juu ya kisiki chake, au kukitoboa katikati kwa keekee.

Sikilizeni sasa maneno niliyoyatumia. Fundi ni neno letu la Kibantu, ndugu wa funda, fundisha na mwanafunzi; asili yake ni mtu anayejua mpaka akaweza kumjulisha mwingine. Msumari umetoka Kiarabu. Parafujo tuliachiwa na Wareno. Gari limetoka Bara Hindi. Spana, nati, bolti na breki ni za Waingereza. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari: neno lililokuwa likikata maji ya pwani leo linakata tope la Manonga. Sanduku la vyuma la fundi mmoja limebeba tabaka zote za safari ya Kiswahili, na hakuna profesa aliyezipanga humo. Njia ndiyo iliyozipanga.

Njia hiyo ilikuwapo kabla ya gurudumu. Kutoka Bagamoyo na bandari jirani zake, misafara ilipita Usagara na Ugogo, ikavuka nyika ya Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walikuwa na makazi yaliyoitwa Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo. Hapo njia iligawanyika. Tawi la magharibi lilikwenda Ujiji, na tawi la kaskazini lilielekea Ziwa Viktoria, likiiacha nchi ya Choma upande wa mashariki. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutembea kutoka pwani. Mwaka uliofuata Speke alilifuata tawi la kaskazini mpaka ziwani.

Msafara ulikuwa kitu cha kelele, na kelele hiyo ilitakiwa. Mbele alitangulia kiongozi, ambaye wageni waliandika jina lake kirangozi, na baragumu ya pembe ikapigwa. Nyuma yake walifuata wapagazi kwa nyimbo, ngoma na njuga miguuni. Kelele iliwaambia wenye vijiji kwamba wanaokuja si wezi wa kunyatia. Iliwapa miguu mizani ya kwenda pamoja. Ilimsahaulisha mchukuzi uzito wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, zilizoketi begani mwake. Jioni, kambini, kelele iligeuka mazungumzo. Mnyamwezi, Mzaramo, Mmanyema na mtu wa Unguja walihitaji lugha moja ya kugawana posho, kupimiana kitambaa, kutaniana na kuzika wenzao. Kiswahili kilipanda bara kwa sababu watu wa njia walisikilizana.

Hapa ningeweza kuishia, tukapongezana. Lakini fundi wetu angeuliza: sakafu mmeifungua? Basi tuchukue maneno matatu ya njia, tuyatie mafuta, tuone yanaficha nini.

La kwanza ni pagazi. Ni ndugu wa kitenzi pagaa, kubeba begani, na wa kupagawa, yaani kushikwa na pepo, kana kwamba mtu amegeuzwa kipando. Kwa vijana wengi wa Unyamwezi wa karne ya 19, kwenda pwani na mzigo ilikuwa kazi ya ujira na kipimo cha uanaume. Walipatana malipo, na waliweza kugoma au kuondoka. Baadaye utawala wa kikoloni ukaufanya uchukuzi kuwa amri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoifikia Tabora yenyewe Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yalipoutwaa mji, watu wasiohesabika walikamatwa kubebea majeshi mizigo, na wengi wakafia njiani kwa njaa na maradhi. Kikosi cha wachukuzi wa Waingereza kimeliacha jina lake Dar es Salaam: Kariakoo. Wangapi wetu hununua nyanya pale bila kujua kwamba tunakanyaga jina la mzigo?

La pili ni hongo. Katika njia ya misafara, hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Mtemi mwenye nchi, mwenye visima na mwenye kulinda amani ya njia alistahili nguo, shanga au nyaya kutoka kwa anayepita, na Ugogo, nchi yenye uhaba wa maji, ilijulikana sana kwa ushuru huo. Wasafiri wa Ulaya walilalamika katika vitabu vyao kana kwamba wameporwa, ingawa kwao wenyewe ushuru wa forodha ulikuwa jambo la kawaida. Leo hongo maana yake ni rushwa tu. Haki ya mwenye nchi imegeuka jina la uhalifu, na mageuzi hayo yamo katika kamusi zetu bila alama ya kuuliza. Sisemi tulirudishe neno katika maana yake ya kale. Rushwa inahitaji jina lake. Nasema mtunzi anayeandika shairi la kulaani hongo ajue kwamba nati anayoishika iliwahi kuwa na pembe sita.

La tatu ni Bagamoyo, bwaga moyo. Jina hili husimuliwa kwa namna mbili. Wengine husema ni sauti ya mpagazi aliyefika pwani: tua mzigo, pumzisha moyo. Wengine husema ni sauti ya mtumwa anayeingizwa jahazini: uache moyo hapa, kwani huko uendako hutauhitaji. Furaha na msiba vimeshikana humo kama alumini na chuma. Njia ile ile iliyoleta nyimbo na lugha ilileta makongwa na minyororo. Pembe za ndovu zilizopita Tabora hazikupita peke yake. Utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi 1922, chini ya utawala wa Waingereza; yaani wako wazee tuliowajua ambao wazazi wao walizaliwa kabla ya sheria hiyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja vituo kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Jina la orodha hiyo halikuziba kitu: limewataja watumwa na pembe pamoja.

Kelele za njia zilianza kubadilika pale reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mlio wa chuma juu ya chuma ukachukua nafasi ya baragumu. Baada ya vita vya pili ikaja kelele nyingine: kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo, nchi iliyobeba jina la Mirambo, mtemi aliyewahi kuwafungia njia wafanyabiashara wa Tabora. Matrekta chakavu na mitambo iliyosalia vitani ilisukumwa porini. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, ukiwa hasara mashuhuri. Pamoja na hasara hiyo, miaka ile iliacha mikono ya watu iliyozoea chuma kigumu, nati iliyogoma na spea isiyopatikana. Ujuzi huo ulihitajika tena wakati wa uhaba wa miaka ya 1970 na 1980, gari lilipolazimika kuishi kwa ubunifu wa fundi.

Hata hivyo gari lilichukua kitu ambacho msafara ulikuwa nacho. Ndani ya Land Rover ya zamani, juu ya barabara ya matuta, abiria huinama kimya. Injini inanguruma nyuma ya ukuta mwembamba, giaboksi inalia chini ya miguu, bati la paa linatetema kama debe, na upepo unapiga mluzi penye mpira wa mlango uliokauka. Watu sita wanaweza kusafiri siku nzima katika njia iliyokuzwa na mazungumzo wasibadilishane sentensi kumi. Ndiyo maana silidharau ombi la mwenye gari anayetaka kelele zipungue. Anadai haki ya kale ya njia hii, ambayo ni kusikilizana.

Kazi ya kuziba ina utaratibu wake. Kelele huja kwa njia mbili, kwa mtetemo wa bati na kwa hewa ipitayo penye upenyo. Mtetemo hutulizwa kwa vipande vizito vya lami au vya mpira vinavyogandishwa juu ya bati. Havihitaji kulifunika bati lote. Kipande katikati ya uwanda unaotetema hutosha kuubadilisha mlio wa debe kuwa mlio wa ubao. Upenyo huzibwa kwa mpira mpya wa milango, na kwa kuziba kila tundu la waya katika ukuta wa injini. Juu yake hutandikwa sponji isiyonyonya maji, kisha kitu kizito chenye kunyumbuka, kisha zulia. Tena bolti zinaporudishwa, hupakwa grisi, na kati ya alumini na chuma hutiwa kipande chembamba cha raba, ili metali hizo mbili zisilane upya.

Kiswahili kilikuwa na neno la kazi hii kabla ya gari: kukalafati. Mafundi wa pwani hukalafati jahazi kwa pamba na mafuta, wakiijaza kila nafasi kati ya mbao. Na kila fundi wa jahazi anajua kwamba ubao uliooza haukalafatiwi. Hutolewa. Vivyo hivyo katika gari: ukibandika lami juu ya kutu, umeifungia unyevu chumba cha kulala. Kimya utakipata kwa mwaka mmoja au miwili, kisha siku moja mguu wako utapita sakafuni. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Watunzi wenzangu, tuna mazoea ya kuisifu njia ya Tabora kama njia iliyotandaza lugha. Sifa hiyo ni kweli. Lakini sifa ni zulia, na zulia hutandikwa mwisho. Kabla yake tunadaiwa kulifungua kila neno la njia kwa subira, kulikaza kidogo upande wa zamani kabla ya kulizungusha upande wa leo, na kukwangua kilichomo hata kama kitatuchafua mikono.

Tena tunadaiwa kumwendea fundi mwenyewe. Maneno yake mengi hayajaandikwa. Hupita kutoka kinywa cha mkubwa hadi sikio la mwanagenzi aliyelala chini ya gari akishika taa. Fundi mzee huijua bolti inayokaribia kukatika kwa mlio wake: ule mlio mkavu humwambia aache, na ule wa kukwaruza humwambia aendelee. Namna anavyoyaita mambo hayo ni mali ya lugha. Mtu huyo akizikwa na maneno yake, hakuna mafuta wala moto utakaoyafungua tena. Basi ukipita njia hiyo, iwe Choma, Nzega au Tabora mjini, simama penye kivuli cha fundi, umwamkie, uulize kila kitu kinaitwaje. Kisha kaa kimya usikilize.